Mkate wa mama ni uzima wa mtoto: wamama na watoto wachanga wa Leningrad, 1941–1944



Katika mkutano wetu mkuu unaokuja tutazungumza juu ya mfuko wa uzazi. Tangu mwanzo mfuko huo umekuwa na kazi moja: mama akijifungua na familia ikashindwa kulipa fakture ya maternite, chama kinasaidia ili atoke na mtoto wake, asikae pale wiki nzima kama mfungwa wa deni. Kazi hiyo ni nzuri, hakuna anayetaka tuiache. Lakini wako wanachama wanaouliza: je, makuta haya hayawezi kumfikia mama mapema zaidi, kwa chakula, kabla uchungu haujamshika? Wengine wanajibu kwamba chakula si dawa, na chama hakiwezi kulisha kila nyumba.

Nimeona vizuri tuangalie historia kidogo, juu swali hili si jipya. Lilikwisha kujibiwa mahali pengine, kwa bei kubwa sana. Mahali penyewe ni Leningrad, mji wa Urusi ambao leo unaitwa tena Saint Petersburg. Ni mbali na ziwa letu la Tanganyika, na baridi yao sisi hatuijui. Lakini njaa tunaijua, na kuzaa katikati ya vita tunakujua.

Mji uliofungwa

Tarehe 8 Septemba 1941 majeshi ya Ujerumani yalikata njia ya mwisho ya nchi kavu iliyounganisha Leningrad na sehemu nyingine ya Urusi. Ndani walibaki watu karibu milioni 2 na nusu, na kati yao watoto karibu 400,000. Siku ileile ndege zilipiga maghala makubwa ya chakula, yale ya Badayev, yakaungua. Wakubwa wa jeshi la Ujerumani hawakuwa na haraka ya kuingia mjini. Walikuwa wameamua kuuzunguka, kuupiga kwa mizinga na ndege, na kuacha njaa ifanye kazi. Ilifanya kazi hiyo kwa siku 872, mpaka tarehe 27 Januari 1944.

Chakula kiligawanywa kwa kadi. Kila mara akiba ilipopungua, kipimo cha mkate kilipunguzwa. Kuanzia tarehe 20 Novemba mpaka 25 Desemba 1941 kilifika chini kabisa: gramu 250 kwa siku kwa mfanyakazi wa kiwanda, na gramu 125 kwa wengine wote, yaani watu wa ofisi, wazee, wamama wa nyumbani na watoto. Ukitaka kujua gramu 125 ni nini, kata kipande cha mkate kinachoenea kiganjani, basi. Na haukuwa mkate wa ngano tupu. Walichanganya makapi, mashudu ya mbegu za pamba, hata unga uliotokana na mbao. Ulikuwa mzito kwa sababu ya maji, si kwa sababu ya chakula.

Halafu ikaja baridi, chini ya nyuzi 30 za barafu. Mabomba ya maji yaliganda. Umeme ulikatika, tramu zikasimama. Watu walitoboa barafu ya mto Neva na kuchota maji kwa ndoo, wakayavuta nyumbani kwa vile vigari vidogo vya watoto vya kuteleza juu ya theluji. Kwa vigari hivyohivyo walipeleka maiti zao makaburini. Mwezi wa Januari na wa Februari 1942, kila mwezi walikufa watu karibu 100,000. Hesabu rasmi ya serikali yao baada ya vita ilitaja raia zaidi ya 630,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona kwamba hesabu ya kweli ni kubwa zaidi.

Njia moja ilibaki: ziwa Ladoga. Lilipoganda, malori yakaanza kupita juu ya barafu mwishoni mwa Novemba 1941, yakileta unga na kurudi na watu. Katika ile baridi ya kwanza zaidi ya watu 500,000 walitolewa kwa njia hiyo. Sisi ambao wengi wetu tulivuka ziwa, kwenda Kigoma na tena kurudi Baraka, hatuhitaji kuelezwa sana maana ya ziwa kuwa ndiyo mlango peke yake uliobaki.

Hospitali ambazo hazikufungwa

Sasa tufike kwa wamama. Mimba haijui tarehe ya vita. Mama aliyepata mimba mwezi wa Juni 1941, chakula kikiwa bado kiko sokoni, ilibidi azae mwezi wa Machi 1942, akiwa amepita katikati ya miezi mibaya kuliko yote. Wamama wa namna hiyo walikuwa wengi, na ilibidi kuwe na mahali pa kuwapokea.

Mahali palikuwepo. Maternite ya zamani ya mji, ile inayoitwa kwa jina la Snegiryov, iliendelea kuzalisha wakati wa mzingiro. Chuo cha udaktari wa watoto, chenye hospitali yake, nacho kiliendelea kutibu. Mkubwa wake alikuwa daktari mwanamke, Yulia Mendeleva, aliyekiongoza tangu 1925, naye alibaki mjini miaka yote ile. Pale alikuwepo pia profesa Aleksandr Tur, mwalimu mkubwa wa magonjwa ya watoto.

Tuseme ukweli, leo tukisikia neno "hospitali" tunafikiria mashine. Katika ile baridi ya kwanza, mji hauna umeme wala maji ya bomba, vioo vya madirisha vinavunjwa na mabomu, hospitali ilikuwa ni watu na mpango wao. Kazi ya kwanza ilikuwa kupata kuni, kuchota maji, kuyachemsha, kufua vitambaa, kuwasha taa ya mafuta. Daktari na muuguzi nao walikula kwa kadi, nao miguu imevimba kwa njaa. Mizinga ikipiga, mtoto aliyezaliwa saa hiyo anafunikwa na kubebwa mahali salama, halafu kazi inaendelea.

Na katika hali hiyo walifanya kitu kimoja zaidi, ambacho ndicho kimenifanya niandike makala hii. Walipima na kuandika. Uzito wa mtoto, urefu wake, miezi ya mimba, kama ameishi au amekufa.

Daftari la daktari Antonov

Daktari A. N. Antonov alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya chuo kile. Vita vilipokwisha alikusanya hesabu za kliniki yao, na mwaka 1947 zilitolewa katika jarida la madaktari wa watoto huko Marekani. Mpaka leo madaktari wanaosoma habari za njaa na mimba wanaanzia pale.

Aliona nini? Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1942, watoto waliozaliwa njiti walikuwa zaidi ya 41 katika kila 100. Waliozaliwa wamekufa waliongezeka mara mbili kuliko kawaida. Uzito wa watoto ulishuka kwa gramu 500 mpaka 600. Tufikiri kidogo hapo: mtoto ambaye angezaliwa na kilo 3 na kidogo, anafika na kilo 2 na nusu. Karibu theluthi moja ya wale njiti walikufa. Hata wale waliotimiza miezi yao, karibu 9 katika 100 walikufa.

Antonov aliandika pia namna watoto wenyewe walivyokuwa. Walikuwa walegevu. Kunyonya kuliwachosha. Mwili wao ulipoa haraka na haukujua kujipasha moto. Ugonjwa mdogo ukipita, unawachukua. Kwa hiyo usifikiri kwamba walikufa kwa sababu dawa fulani ilikosekana siku ya kuzaliwa. Walifika tayari wakiwa na deni.

Kabla ya hapo waganga wengi waliamini kwamba mtoto tumboni anajichukulia anachotaka kwa mama yake: mama atakonda, lakini mtoto atakuwa salama. Hata kwetu maneno hayo yanasikika: "mimba inajilisha yenyewe." Hesabu za Leningrad zilionyesha kwamba si hivyo. Mama akikosa kabisa, mtoto anakosa pamoja naye.

Kuna jambo la pili katika daftari lile. Katika nusu ya pili ya 1942 vizazi vilishuka sana, vikabaki vichache mno. Hesabu ni rahisi: hao ndio watoto ambao mimba zao zingeingia wakati wa njaa kali. Wanawake wengi walikuwa hawapati siku zao tena, mwili umefunga mlango. Na wale wachache waliopata mimba wakati ule na kuzaa baadaye walikuwa nani? Antonov aliangalia. Wengi walikuwa wanawake waliokuwa na chakula kidogo kuliko wengine kupungua: wenye kazi jikoni, katika kantini na maduka ya chakula, au wenye kadi ya kazi nzito. Watoto wao walizaliwa na uzito mzuri zaidi. Mji ni uleule, hospitali ni ileile, wauguzi ni walewale. Tofauti ilikuwa katika sahani ya mama.

Maziwa, soya na joto

Wale madaktari hawakukaa tu kuhesabu. Maziwa ya mama yalipungua na yalikwisha mapema, ingawa hayakukauka kwa wote. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa karibu hakuna. Tur na wenzake walitafuta namna ya kulisha watoto wachanga kwa vitu vilivyokuwepo, na soya ikawa msaada mkubwa. Jikoni za watoto zilitengeneza maziwa ya soya na uji, wakayagawa kwa vipimo. Ili watu wasipate ugonjwa wa fizi kutoka damu, mji ulichemsha majani ya misonobari, watu wakanywa maji yake machungu. Wamama wa hapa kwetu wanaotengeneza uji wa masoso, mahindi na mtama na soya, wasidhani kwamba wanafanya kitu cha kimasikini. Soya ilipewa watoto na maprofesa, mji mkubwa ukiwa umekosa kila kitu.

Joto nalo lilikuwa dawa. Mtoto njiti akipoa, anakufa hata kama ameshiba. Pasipo umeme hakuna kuvezi, yaani lile sanduku la joto, linaloweza kufanya kazi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1978, madaktari wa Bogotá, huko Kolombia, wakiongozwa na Edgar Rey, nao walikuwa na njiti wengi na kuvezi chache. Wakaanza kumfunga mtoto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Ndiyo ile namna ya kangaruu ambayo wauguzi wanaifundisha sasa hata katika maternite zetu. Hainunuliwi. Lakini nayo inataka mama mwenye nguvu ya kukaa na mtoto kifuani na kumnyonyesha, na nguvu hiyo inatoka jikoni.

Ushahidi wa pili, kutoka Uholanzi

Mtu anaweza kusema: Leningrad ilikuwa na baridi, mabomu, hofu, magonjwa, unajuaje ni chakula? Swali zuri. Tuangalie basi mahali pengine katika vita ileile. Mwisho wa mwaka 1944 Wajerumani walizuia chakula kuingia katika miji ya magharibi ya Uholanzi, kama Amsterdam na Rotterdam. Kwa miezi kama 6 watu waliishi kwa chakula kidogo mno, na watu karibu 20,000 walikufa. Pale pia maternite ziliendelea, na wazalishaji walipima watoto na kuandika vizuri.

Walioathirika zaidi kwa uzito ni watoto ambao njaa iliwakuta katika miezi 3 ya mwisho ya mimba: walipungua kama gramu 300. Mwezi wa Mei 1945 nchi ikakombolewa, chakula kikaingia, na uzito wa watoto waliofuata ukapanda tena upesi. Hakukujengwa hospitali mpya katika wiki hizo. Kilichobadilika ni chakula. Baadaye watafiti waliwafuata watoto hao mpaka uzeeni, wakaona kwamba hata wale waliopatwa na njaa mimba ikiwa changa, wakazaliwa na uzito wa kawaida, walipata zaidi ugonjwa wa moyo wakiwa watu wazima. Kwa hiyo miezi ya mwanzo nayo si ya kupuuza.

Sisi na mfuko wetu

Sitaki kudanganya mtu. Wamama wetu hawali gramu 125 za mkate, na kijiji chetu si Leningrad. Tena chakula hakizuii kila kitu. Mama anayevuja damu, au mtoto aliyekaa vibaya tumboni, anahitaji mzalishaji, dokta na chumba cha upasuaji, hata kama alikula nyama kila siku. Ndiyo maana fakture ya maternite lazima tuendelee kuilipa. Hata Leningrad, bila zile nyumba ambazo hazikufungwa, wale njiti walioishi nao wangekufa.

Lakini tuangalie maisha ya mama anayerudi. Anashuka na watoto, mabati hakuna, shamba limekuwa pori au lina mtu mwingine ndani. Msaada wa chakula wa kurudi, kama ameupata, unakwisha. Anapanda muhogo. Muhogo unataka mwaka, wakati mwingine zaidi. Mimba inataka miezi 9. Fanya hesabu mwenyewe: mama aliyerudi na mimba, mtoto wake atazaliwa kabla muhogo wake haujachimbwa. Miezi ile katikati analima, anachota maji, anabeba kuni, na jioni anawapa watoto kwanza, yeye anakula kilichobaki chunguni. Hakuna jeshi lililomzunguka, lakini njaa yake ina mipaka inayojulikana, na sisi tunaweza kujua inaanza lini na kwisha lini. Watu wa Leningrad hawakuwa na bahati hiyo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa mkutano ni dogo. Kwanza, kila mama mwenye mimba katika nyumba iliyorudi mwaka huu aandikwe mapema, akienda kupimwa mara ya kwanza. Pili, katika miezi 3 ya mwisho apewe chakula kila wiki: unga, maharagi, mafuta ya mawese, ndagala, na soya kwa uji. Wenye mashamba watoe mavuno, wenye makuta watoe makuta, na marafiki wa mbali wachangie kile kisicholimwa hapa. Kamati ya wamama ndiyo ishike mizani na kugawa, juu wao ndio wanajua nyumba ipi chungu hakipandi jikoni. Tatu, tufanye sawa vile Antonov alivyofanya: mama akikubali, tuandike katika daftari la chama uzito wa mtoto siku ya kuzaliwa, bila kutangaza majina. Baada ya miaka 2 tutaona wenyewe kama chakula hicho kimesaidia. Na mfadhili akiuliza pesa yake ilifanya nini, hatutamjibu kwa maneno matupu, tutamfungulia daftari.

Wako watakaosema mfuko ni mdogo. Ni kweli, mdogo. Tukilisha wote, hautafika Desemba. Ndiyo maana nasema miezi 3, na nasema nyumba zilizorudi mwaka huu. Hata kule walikokuwa wanagawa kwa gramu, kazi haikuwa kuwa na kingi. Kazi ilikuwa kujua nani apewe kwanza, na kuhakikisha kinamfikia.

Basi njooni mkutanoni mkiwa mmekwisha kuzungumza nyumbani, wamama na wababa pamoja. Kura itapigwa juu ya jambo moja: mfuko wa uzazi uanzie mlangoni pa maternite kama zamani, au uanzie jikoni kwa mama, miezi 3 kabla. Mimi kura yangu mmeijua.